Krismasi ya Nne ya Kusubiri

Jumamosi ile, saa nane mchana, Mhazini alifika mlangoni kwa Fundi akiwa amebadilisha nguo kwenye choo cha wafanyakazi. Sare ya dukani aliikunja akaitia mkobani, na mwilini alivaa gauni la bluu lililokuwa limekaa kabatini tangu Pasaka likisubiri sababu. Miguu ilimuuma kwa kusimama tangu alfajiri, lakini nani anakumbuka miguu siku ambayo moyo unataka kukimbia umwache mwenyewe nyuma?

Mhazini si jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa keshia katika duka kubwa la vyakula, kaunta namba tatu, na jina hilo alibandikwa na Fundi miaka mitatu na nusu iliyopita, siku Fundi alipopanga foleni kwake na dumu la mafuta ya kupikia. Keshia alimtazama, akainama kidogo, akamnong'oneza, "Kaka, rudisha hayo. Keshokutwa yanashuka bei." Yule mwanamume akacheka, akayarudisha, na keshokutwa akaja tena. "Wewe ungenifaa kuwa mhazini wangu," alimwambia huku akilipa. Tangu siku hiyo hakupanga tena foleni nyingine, hata kama kwa Mhazini pana watu ishirini na kaunta namba nne haina hata mmoja.

Fundi alikuwa seremala. Mkewe alifariki miaka sita nyuma, akamwachia mtoto wa kike aliyekuwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Sasa mtoto huyo ana miaka kumi na mmoja, anaitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Mama mzazi wa marehemu, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuja siku ya msiba na begi moja dogo ili alee mjukuu kwa muda. Muda ule haukuisha mpaka leo.

Na ujumbe wa Fundi ulikuwa mfupi: "Njoo Jumamosi na kalamu tupange Krismasi. Halafu kuna jambo la Januari."

Jambo la Januari! Mhazini aliyasoma maneno hayo mpaka simu ikapata moto mkononi. Januari ya kwanza Fundi alisema bado mapema. Ya pili, Bibi aliugua. Ya tatu, wageni wa Krismasi walikuwa wamekomba kila kitu, hata senti ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mtu haikubaki. Dada yake Mhazini alikuwa ameshakata tamaa kwa niaba yake. "Mdogo wangu," alimwambia, "huyo mwanamume amekuweka akiba. Una miaka thelathini na minne. Akiba nyingine huoza." Mhazini alinuna siku mbili nzima, si kwa sababu dada alikosea, bali kwa sababu alisema mbele ya shemeji.

Chiriku ndiye aliyefungua mlango.

"Anti! Umependeza! Gauni jipya? Baba ameoga mara mbili leo. Bibi ameenda mazoezi ya kwaya, atarudi saa kumi. Baba, anti amekuja! Baba amenunua soda, ameficha moja nyuma ya..."

"Chiriku," sauti ya Fundi ikatoka ndani, "nenda kwa rafiki yako ukacheze kabla sijakuziba mdomo kwa gundi ya mbao."

Mtoto akacheka, akatoka mbio. Wakabaki wawili.

Fundi alisimama jikoni kando ya meza aliyoitengeneza mwenyewe, mikono ikiwa imesuguliwa mpaka imekuwa myekundu, ingawa vanishi haikukubali kutoka kwenye kucha. Wakatazamana. Kwa miaka mitatu na nusu walikuwa wametazamana kila juma, lakini bado Mhazini hakuwa amezoea namna macho ya mtu yule yalivyokuwa yanamshika na kumwachia polepole, kama mtu anayeweka chini chombo cha udongo.

"Umechoka," Fundi alisema.

"Leo wamenipa kibandiko niandike punguzo la Krismasi kwenye mchele. Bei ya punguzo imezidi bei ya Oktoba. Nimebandika kwa mkono wangu huu."

"Kwa hiyo nisinunue mchele?"

"Nunua sokoni, nunua kabla ya tarehe kumi na tano, na usiende na njaa. Mtu mwenye njaa ananunua kwa tumbo. Na Chiriku usimchukue."

"Kwa nini?"

"Mwaka jana ulimchukua, ukarudi na biskuti za kopo zenye picha ya theluji. Uliwahi kuona theluji wewe?"

Fundi akacheka mpaka akashika meza. Walikaa, magoti yao yakagusana chini, hakuna aliyesogeza la kwake. Mhazini akafungua daftari.

Walianza na yale yasiyo na mjadala. Kodi ya nyumba ya Januari iliwekwa kando kwanza, kisha ada ya Chiriku na sare, maana sketi ya mwaka huu ilikuwa imegeuka kuwa fupi mpaka mwalimu akaandika barua. "Hivi tunavitoa leo, mwenye nyumba unampa yake akuandikie risiti, na ada unalipa shuleni Jumatatu," alisema Mhazini. "Hela ikikaa ndani ya nyumba mwezi huu, inapata miguu."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nguo za sikukuu?"

"Chiriku tu. Mimi nina shati."

"Shati lipi? Lile lenye kola iliyochoka?"

"Kola iligeuzwa. Hujaona."

"Nimeona. Nimeona na mshono wenyewe umeenda upande." Akaandika, shati moja, la mtumba, na Fundi akajifanya kupinga ili aendelee kumwangalia akikunja uso.

Kisha kikaja kile ambacho wote wawili walikuwa wanakizunguka. Wageni. Bibi alikuwa na watoto wa kiume watatu waliobaki, kila mmoja ana mke na watoto, na kila Krismasi walikuja wote hapa, watu kumi na wanne, siku nne. Walikuja mikono mitupu wakaondoka na vyombo vya plastiki vimejaa chakula.

Mhazini aliandika, akajumlisha, akaligeuza daftari ili Fundi aone. Jumla ya siku nne ilikuwa kubwa kuliko ada na kodi kwa pamoja.

Fundi aliisoma jumla ile mara mbili. Kisha akanyoosha mkono, akaushika ule wa Mhazini pamoja na kalamu yake.

"Sikia. Nataka kuja kwenu. Tarehe ishirini Januari. Nimeshaongea na kaka yangu, atanisindikiza. Nimechoka kukusindikiza mpaka barabarani na kurudi ndani peke yangu. Nataka siku moja turudi ndani wote."

Mhazini alitaka kusema neno la maana, lakini lililomtoka ni, "Unasema kweli?"

"Andika. Andika kwenye daftari, tarehe ishirini, nauli ya watu wawili, na kitu cha kubeba mkononi. Tuone kama inaingia."

Aliandika huku herufi zikicheza. Haikuingia. Walijaribu tena, wakaondoa soda, wakaondoa pazia jipya, wakapunguza nyama. Haikuingia. Ndipo Mhazini, kwa sauti ndogo, akasema, "Wageni wakija siku moja badala ya nne, inaingia. Na inabaki kidogo."

"Siku moja," Fundi alirudia. "Waje asubuhi ya sikukuu, tule pamoja, waondoke jioni. Hakuna ubaya hapo. Watu wote wanafanya hivyo."

"Nani atamwambia Bibi?"

"Mimi. Leo hii akirudi. Usiondoke, nataka uwepo."

Kwa robo saa hivi, labda pungufu, Mhazini alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote katika mtaa ule. Fundi aliitoa ile soda iliyofichwa, wakainywa kwa glasi moja. Walizungumza juu ya kitanda atakachokichonga, Mhazini akataka chenye droo chini, Fundi akasema droo zinakusanya vumbi, wakagombana kwa raha juu ya vumbi ambalo bado halikuwepo. Alimwambia kwamba baba yake ni mtu wa maneno machache asiogope. Alimwambia kwamba mama yake atalia, asiogope hilo pia.

Bibi alirudi saa kumi kasoro, kitabu cha nyimbo kwapani na mfuko wa vitunguu mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mgongo umenyooka, anayepanda kilima na ndoo ya maji bila kuhema.

"Shikamoo, mama," Mhazini alisimama.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kazini hawajambo?" Hakuwahi hata siku moja kuwa na maneno makali. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa nayo. Macho yake yalipita juu ya daftari, glasi moja, viti viwili vilivyosogezwa karibu.

"Mama, kaa kidogo," Fundi alisema. "Tulikuwa tunapanga matumizi ya sikukuu."

Bibi alikaa. Fundi akaeleza. Alianza vizuri, kwa sauti ya mwenye nyumba, akataja kodi, akataja ada, akataja bei ya mafuta. Alipofika kwenye siku moja badala ya nne, sauti ilipungua. Alipofika kwenye tarehe ishirini Januari, alikuwa anaiambia meza.

"Kwa hiyo mmewakata wanangu," Bibi alisema.

"Hatujawakata, mama. Tumepunguza siku."

"Wanakuja hapa kwa sababu hapa ndipo palipokuwa kwa dada yao."

"Ni miaka sita, mama."

"Kwako ni sita."

Mhazini aliona ni lazima aseme, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwake na hesabu ilikuwa ya kwake. "Mama, hakuna anayekufukuza. Chumba chako ni chako. Mimi nitakuja kama mtoto wako mwingine."

Bibi alimtazama kwa muda, na ndani ya yale macho Mhazini hakuona chuki, akatamani angeiona.

"Mwanangu, wewe ni binti mzuri. Nimekuombea mara nyingi upate mume. Lakini niambie, utakapoingia humu nitakuwa nani? Leo mimi ni mama wa mke wa nyumba hii, hata kama yuko kaburini. Kesho kutwa wewe unapakua, mimi nakaa mezani nasubiri sahani. Nasubiri kama nani?"

"Kama mama."

"Mama wa nani?"

Mhazini aliiweka kalamu mezani.

"Mnafikiri sioni," Bibi aliendelea, na sasa alikuwa anavivunja vikonyo vya vitunguu kimoja kimoja bila kuviangalia. "Mnafikiri sioni wanavyokula na kufungasha? Wale nimewazaa mimi. Kila mwaka nawapikia siku nne. Siku ya kwanza nasema, labda huyu mkubwa. Siku ya pili, labda wa kati. Siku ya tatu namwangalia mdogo, yeye ndiye aliyekuwa analala mgongoni kwangu. Nasubiri mmoja wao aseme, mama, fungasha begi, twende ukakae kwangu. Miaka sita. Siku ya nne wanapanga mizigo yao, nami nasimama pale mlangoni nawapungia. Sasa mkinipa siku moja, nani atapata muda wa kulisema?"

Fundi alikuwa hajui. Mhazini aliona usoni mwake kwamba hajui, kwamba kwa miaka sita alikuwa anadhani mama mkwe wake anapenda tu kelele za wajukuu.

"Basi nisubirini," Bibi akasema, akainuka. "Nisubirini nife, halafu muoane. Sitawachelewesha sana."

Wakati mwingine wowote Mhazini angecheka moyoni, maana mtu aliyesema anakaribia kufa alikuwa amenyanyua mfuko wa kilo tano kwa kidole kimoja. Lakini leo kicheko hakikuja. Alikuwa amekuja na hasira zake tayari, amezibeba tangu Januari ya kwanza, na sasa hakuona pa kuzitua. Yule mama alikuwa anasubiri mtu wa kumwambia twende. Na yeye Mhazini alikuwa anasubiri nini miaka yote hii?

Bibi aliingia chumbani. Mlango haukubamizwa, ulirudishwa taratibu.

"Sema kitu," Mhazini alimwambia Fundi.

Fundi alichukua kalamu, akaizungusha vidoleni, akaiweka chini.

"Tuitazame Aprili," alisema.

"Aprili."

"Aprili kazi zinakuwa nyingi. Watu wanataka vitanda. Nitakuwa nimeongea naye polepole. Siwezi kumtoa mama wa watu, Mhazini. Alinishika mkono siku ile hospitali. Nilimwahidi mke wangu kwamba nitamtunza. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Sijakwambia umtoe."

"Basi niambie nifanye nini."

"Ungemwambia kwamba mimi nakuja. Kwamba atalia, na atakasirika, na mimi nitakuja tu. Hilo tu. Sikutaka pesa, sikutaka kitanda. Nilitaka useme mbele yake neno moja na usilirudishe."

Fundi aliinamisha kichwa. Mabega yale yaliyobeba mbao kutwa nzima yalikuwa yameshuka, na Mhazini alijizuia asiyaguse kwa kushika kingo za meza.

"Unanipenda?" alimuuliza.

"Unajua nakupenda."

"Najua. Ningekuwa sijui ningekuwa nimeondoka zamani."

Akaketi tena, akavuta daftari. Fundi alimtazama bila kuelewa. Mhazini alifuta tarehe ishirini, akafuta nauli, akarudisha siku nne za wageni. Alipanga upya nyama ili itoshe siku zote, akahamisha shati la Fundi liende Februari, akaweka fungu dogo la dharura, na chini kabisa akaandika kwa herufi za kusomeka: ada kabla ya yote. Kazi ilimchukua dakika kumi. Alichana kurasa mbili, akaziweka mezani, akafunga daftari lake.

Fundi alimfuata mpaka nje. Chiriku alikuwa mbali, anaruka kamba na wenzake, akawapungia.

"Usinifanyie hivi," Fundi alisema. Macho yalikuwa yamejaa. "Aprili si mbali."

"Usinisindikize leo."

"Mhazini."

"Rudi ndani. Mama hajanywa hata maji tangu arudi."

Alitembea mpaka kwenye kona bila kugeuka, na alipofika pale akakumbuka kwamba bado amevaa gauni la bluu, kwamba mtaa mzima ulikuwa umeliona.

Jumatatu msimamizi wa duka alisimama mbele ya wafanyakazi na karatasi. Kampuni ilikuwa inafungua tawi jipya katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, na walihitajika keshia watatu wa kuanza tarehe mbili Januari. "Wewe sikuulizi," alimwambia Mhazini kwa utani, "wewe una wako hapa." Mhazini akanyoosha mkono, akaomba kalamu. Jioni alimpigia dada yake. Dada hakusema nilikwambia. Alisema tu, "Nije nikusaidie kufunga vyombo?" na hapo ndipo Mhazini alipolia kwa mara ya kwanza, amekaa juu ya kitanda chake na viatu miguuni.

Fundi alipiga simu siku ya kwanza mara saba, ya pili mara tatu. Kisha akaacha.

Tarehe ishirini na tatu mchana duka lilifurika. Foleni zilifika mpaka kwenye rafu za sabuni, watoto walilia, mashine ya kaunta namba mbili ikagoma, na muziki wa sikukuu ulikuwa unajirudia tangu asubuhi mpaka keshia wote wakauchukia. Mhazini alinyanyua kichwa kuita mteja, akamwona. Walikuwa watu watano nyuma, Fundi na Chiriku, na kikapu kimoja tu. Kaunta namba nne ilikuwa na watu wawili.

Alipitisha bidhaa za wale watano bila kukosea hata moja. Mikono inaweza kufanya kazi bila mwenyewe.

"Anti!" Chiriku aliruka kabla hata hawajafika. "Mbona huji? Bibi anasema umesafiri. Umerudi?"

"Bado sijaondoka, mwanangu. Naondoka baada ya mwaka mpya. Nahamia kazi mji mwingine."

Mtoto alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza Mhazini kumwona akinyamaza.

Fundi aliweka vitu juu ya kaunta. Mchele kilo mbili. Sukari, chumvi, mafuta chupa ndogo. Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimeachwa zijiotee.

"Vichache," Mhazini alisema, kwa kuwa alijua kilichotakiwa kuwa kwenye kikapu kile.

"Hawaji." Fundi aliinama ili wa nyuma wasisikie. "Mashemeji. Walipiga simu juzi, mmoja baada ya mwingine. Wanasema hali ngumu mwaka huu, kila mtu atakula kwake. Mhazini, sikiliza. Pesa ya wageni ipo yote. Ada nimelipa, kodi nimelipa. Tarehe ishirini inaingia. Inaingia na inabaki. Usiende huko. Nenda kamwambie bosi wako hutaki."

Mhazini alisimama na kopo la chumvi mkononi. Moyo, ambao alikuwa ameshauambia utulie, uliruka ukagonga mbavu. Aliiona tarehe ishirini, aliwaona ndugu wawili wanashuka kwenye basi na kitu mkononi, alimwona mama yake akilia mlangoni. Ilichukua muda wa pumzi moja.

"Na mama?" aliuliza.

Fundi aliisogeza chupa ya mafuta juu ya kaunta.

"Bibi halali," Chiriku akasema. "Yaani analala, lakini mchana. Hataki kula. Ameondoa vyombo vya wageni, amevirudisha kwenye boksi."

"Umemwambia kwamba unakuja kwetu?" Mhazini alimtazama Fundi usoni, akayatafuta yale macho mpaka akayapata. "Umemwambia?"

"Nitamwambiaje sasa, na hali ile?" Sauti ya Fundi ilikuwa ya kuomba. "Watoto wake wamemtupa. Niende mimi nami nimwambie... Si sasa. Nilifikiri tungeenda kwenu kimyakimya, halafu akipata nafuu, taratibu..."

Hakumaliza. Alikuwa amejisikia mwenyewe.

Mhazini alipitisha chumvi kwenye mashine. Ikalia. Akapitisha sukari, ikalia. Alikuwa amehesabu pesa za mtu huyu miaka mitatu na nusu, akibana hapa, akisogeza pale, akiamini siku moja jumla itakubali. Sasa pesa ilikuwa imekubali.

"Elfu kumi na nne," alisema.

"Mhazini, tafadhali."

"Elfu kumi na nne. Unataka mfuko?"

Nyuma yao mtu alikohoa, mwingine akasema kwa sauti kwamba wengine wana watoto nyumbani. Fundi alitoa pesa. Vidole vyake viligusa kiganja cha Mhazini, vikakaa pale zaidi ya inavyohitajika kupokeza noti, na Mhazini aliviacha, kwa kuwa alijua ni mara ya mwisho. Kisha akafungua droo, akampa risiti.

"Mnunulie matunda," alisema. "Mtu asiyekula huanza na matunda. Na Chiriku alale naye chumbani, asikae peke yake."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Akachukua mfuko kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Chiriku aligeuka mara tatu mpaka wakafika mlangoni. Baba yake hakugeuka. Milango ya kioo ilifunguka, ikawapitisha, ikajifunga.

Mama mmoja mnene aliyekuwa akifuata alishusha kikapu chake kwa kishindo, akamtazama Mhazini, akalainika.

"Mwanangu, unalia? Yule ni nani wako?"

Mhazini alijifuta kwa mkono wa sare, akavuta kikapu kile karibu.

"Mteja," alisema. "Ni mteja wangu wa siku nyingi."